Maua Iko Muongo

Kwanza nisahihishe jambo moja, maana nimechoka kulisikia. Mti wa kwa Mama Vahwere si flamboyant. Hapa Bunia mti wowote ukitoa maua mekundu watu wanauita flamboyant, na ukiwaambia sivyo wanakuangalia kama umewatukania mama. Mimi pia niliuita hivyo siku niliyohamia mtaa wa Ngezi. Nilisimama kwenye ukuta wetu wa matete, nikamwambia jirani yangu mpya, kwa heshima zote, "Mama, flamboyant yako iko muzuri."

Alikuwa anachambua sombe, majani ya mihogo. Hakuinua hata kichwa.

"Flamboyant iko kwa Denise, kule ng'ambo ya njia," akasema. "Hii hapana flamboyant."

"Sasa hii jina yake nani?"

"Jina itakusaidia nini? Jua sura yake. Maua iko muongo." Kisha akaendelea na sombe yake, na mazungumzo yakaishia hapo. Nikarudi ndani nikamwambia mume wangu kwamba tumepata jirani mwenye kiburi. Nilikosea, lakini si sana.

Vahwere alikuwa mwanamke mfupi, mwenye sauti ya chini na mikono yenye doa la kahawia lisilotoka kwa sabuni yoyote. Doa lile lilitokana na maganda ya shina la ule mti. Mtoto akiwa na vidonda vya kichwa, mama akiwa na jipu, mchimba dhahabu akirudi kutoka mashimoni na mguu uliooza, wote walikuja kwake na beseni. Aliwachemshia, akawaosha, akawafukuza waende nyumbani, maana hakupenda watu wa kukaa kaa. Mume wake, Gauthier, ndiye aliyependa watu. Huyo alikuwa mrefu, mcheshi, na kazi yake ilikuwa fonie. Nyinyi wa siku hizi na simu zenu mfukoni hamwezi kujua fonie. Ilikuwa ile mashine kubwa ya redio, na mfanyabiashara akitaka kujua kama lori lake limefika, alikwenda kwa Gauthier, akapanga mstari, na Gauthier akaita, "Ariwara, Ariwara, unanipata? Mahagi, Mahagi, unanipata?" Aliita hivyo kutwa nzima mpaka nyumbani pia alikuwa anamwita mke wake vilevile. "Vahwere, Vahwere, unanipata?" Naye anajibu, "Nakupata mubaya." Tulicheka nyuma ya ukuta.

Akitaka kumchokoza kabisa, alisema, "Mama, majani ya flamboyant yako imejaa mu kiwanja." Hapo mwiko ulikuwa unaruka. Nimeuona kwa macho yangu.

Kazi ile ya maganda haikuwa ya kwao Vahwere. Yeye ni mtu wa upande wa Butembo, Bunia alikuja kuolewa. Ilikuwa kazi ya mama mkwe wake, mama wa Gauthier, na kwao ilikuwa na sharti: unafundisha mtu mmoja tu, kisha unafunga mdomo. Bibi yule alikuwa na mabinti wa kuzaa mwenyewe, akawaruka wote, akamfundisha mke wa mwanawe wa kwanza. Mabinti walinuna, na mmoja wao mpaka leo hasalimii. Bibi alipokuwa anakufa, aliacha mtoto wa mwisho, Fiacre, ambaye alikuwa bado anakojoa kitandani. Aliushika mkono wa Vahwere, akauweka juu ya kichwa cha yule mtoto.

Vahwere hakujaliwa kuzaa. Basi Fiacre akawa mtoto. Alimwita mama, hakumwita shemeji, mpaka akawa kijana mzima mwenye ndevu. Vahwere alimlipia shule, alimfulia, alimpigia goti Mungu usiku mtoto alipozidiwa na typhoïde. Na ulipofika wakati wa kumchagua mtu wake mmoja, alimchagua Fiacre. Wanawake wa avenyu, njia yetu hii, tulimsema sana. Mwanaume na kazi ya maganda, wapi na wapi!

"Sasa nifundishe nani?" akatuuliza. "Mbuzi?"

Ikawa hivyo. Alikuwa anampeleka nyuma ya mti, upande wa jiko, asubuhi jua likichomoza, na sisi tulisikia tu kisu kikikwaruza. Maneno aliyomwambia hatukuyasikia. Alikuwa anashusha sauti, na ukikaribia ukuta ananyamaza kabisa mpaka uondoke. Mimi nilijaribu mara nyingi, sioni haya kusema.

Halafu vita. Sitataja nani alipigana na nani. Tulitajana vya kutosha miaka ile, na waliotajwa tumewazika. Mji ulibadilisha wakubwa kama mtu anavyobadilisha shati, na kila mkubwa mpya alikuja na bunduki zake na bariyeri zake za kufunga barabara. Mwaka wa elfu mbili na mbili, wakati wa mvua, waliokuwa wanashika upande wetu waliingia kwenye nyumba ya fonie. Walisema Gauthier anaita maadui zao, anawaambia askari wamekaa wapi. Gauthier, ambaye ujumbe wake mkubwa kabisa ulikuwa "magunia ya chumvi imefika, njoo na kamba"! Walipovunja mlango wa mbele alitoka kwa dirisha la nyuma, viatu vikabaki.

Vahwere alitangaza avenyu nzima kwamba mume wake amekimbilia Ariwara. Alilia kidogo pale kwenye bomba la maji ili tumsadiki, na tulimsadiki. Kumbe Gauthier alikuwa juu ya plafo ya jiko lake, amelala kati ya mbao na mabati, mtu mrefu vile amejikunja kama mtoto mchanga. Waliojua walikuwa Fiacre na Denise. Fiacre kwa sababu ni mtoto wa nyumba. Denise kwa sababu mwanamke aliyebaki peke yake hanunui unga wa watu wawili, watu wanahesabu, kwa hiyo Denise alimnunulia ule wa pili na kumvushia njia ndani ya ndoo. Mimi, jirani wa ukuta kwa ukuta, sikuambiwa. Nilimuuliza baadaye kwa nini. Akasema, "Monique, weye unasema mpaka na kuku." Nilikasirika, lakini ni kweli.

Huyu Denise niwaelezeni. Mjane, muuza mafuta ya mawese, mnene, mwenye kicheko kinachosikika mpaka parokia. Yeye na Vahwere walikuwa marafiki tangu Vahwere alipoolewa hapa Ngezi. Kwenye parseli yake, yaani kiwanja chake, ndipo ilipokuwa flamboyant yenyewe, ile ya kweli, iliyotandaza matawi kama mwavuli juu ya njia, na watoto walikuwa wanaokota maganda yake marefu ya mbegu wakipiga kama kayamba kanisani.

Asubuhi moja wenye bunduki walikuja kwake. "Tumeambiwa nyumba iko na flamboyant," wakasema. "Mutu ya fonie iko wapi?" Walivunja plafo yote, walimwaga mafuta yake, na walipokosa mtu wakampiga kwa vitako vya bunduki mpaka mkono wake ukavunjika. Sisi wote tulikuwa nyuma ya milango tunasikia. Denise alipiga kelele, alilia, aliita watakatifu wote aliowafahamu. Jina la Vahwere hakulitaja. Waliondoka mikono mitupu.

Jioni hiyo Fiacre alikuja kula kwa kaka yake. Hili nalo nililijua baadaye. Vahwere alipika fufu na samaki, Gauthier akashuka kidogo kutoka juu, wakakaa jikoni bila taa, na Gauthier akamsogezea mdogo wake samaki wakubwa kama alivyozoea. "Kula, petit," akamwambia. Walizungumza habari za Denise aliyepigwa bure. Fiacre, ambaye kaka yake alimwita yaya, alisema, "Ni bahati ya yaya, walikosea nyumba." Alikula akamaliza, akanawa, akaondoka.

Kesho kutwa yake, mchana kweupe, walirudi.

Mimi nilikuwa ninaanika mihogo. Niliingia ndani nikabana jicho kwenye ufa wa mlango. Hawakukimbia, hawakupiga risasi. Walisimama katikati ya njia, kati ya nyumba ya Denise na ya Vahwere, na mkubwa wao, kijana mwembamba mwenye kofia ya sufu, akainua uso akatazama miti. Wakati ule hakuna mti uliokuwa na maua. Mvua ilikuwa imeyaangusha yote, yakaoza kwenye mifereji. Akaanza kusema kwa sauti kama mtoto anayesoma somo alilokariri, ili asisahau:

"Maua iko muongo. Anza na jani. Jani ikiwa kama manyoya ya kuku, acha." Akatazama mti wa Denise, yale majani membamba membamba. "Hii, acha. Muti ikiwa na miba, acha. Jani pana, zinaangaliana mbili mbili, karibia." Akageukia kwetu. Akavuka njia. "Tunda hainingini, inasimama juu kama kidole inaonyesha mbingu." Akaonyesha kwa mtutu wa bunduki. Juu ya mti wa Vahwere matunda yalikuwa yamesimama, mengine yamepasuka, na mbegu zake nyepesi kama karatasi zilikuwa zinaelea kwenye upepo. "Ua ya kufunga, ukiifinya inakutemea maji. Wakati yake imepita. Sasa tazama maganda, upande jua inatoka. Madirisha madogo, moja juu ya ingine, na majivu."

Yale madirisha, alama za maganda yaliyokwisha kukatwa, huwezi kuyaona kutoka njiani. Hata mimi, na pua yangu hii, sikuwahi kuyaona. Alifungua mlango wa parseli, akauzunguka mti mpaka upande wa jiko, na akacheka. "Njo hii," akasema, yaani ndio huu.

Vahwere alikuwa amesimama mlangoni mwa jiko na sufuria mkononi. Mtu mwingine angelia, angepiga magoti. Yeye tangu lile neno la kwanza, maua iko muongo, alikuwa ameganda. Hakuwaangalia wale watu walipompita kuingia jikoni. Hakuangalia juu walipovunja mbao. Walipomshusha Gauthier na kumburuta mbele yake, na Gauthier akamwambia kwa sauti ndogo, "Vahwere, unanipata?", hapo tu ndipo aligutuka akasema, "Nakupata. Nakupata muzuri." Walimtoa. Vahwere akarudisha macho kwenye mti, sufuria bado mkononi. Nilidhani akili imemtoka.

Walimuua kabla jua halijazama. Watu wa parokia walimwokota kando ya barabara wakamleta kwenye mkokoteni, amefunikwa kitenge cha mtu asiyejulikana. Ee Mungu wangu. Tulimzika asubuhi, haraka, kwa sababu siku zile hata maziko yaliogopa risasi.

Sasa matanga. Tulikaa uwanjani mwa Vahwere, chini ya ule mti, maana ndiko kulikuwa na kivuli. Wanawake kwenye mikeka, wanaume kwenye mabenchi, na Fiacre katikati, amenyoa kichwa, analia kwa sauti mpaka sauti inakatika. Tulimhurumia. Mimi mwenyewe nilimletea uji. Na neno moja lilikuwa linazunguka mikekani, kwanza kwa kunong'ona, halafu waziwazi: Denise. Walikwenda kwake, wakampiga, na baadaye wakaja hapa. Nani mwingine? Kipigo kinafungua mdomo. Fiacre alikuwa analisema kwa nguvu kuliko sisi wote.

Denise akaja. Mkono umefungwa kwa kitambaa shingoni, na kichwani mzigo wa kuni, maana mtu haendi kwenye kilio mikono mitupu. Alifika mlangoni, na Fiacre akasimama.

"Toka!" akapiga kelele. "Weye njo uliuza yaya wangu! Unakuja kutazama kaburi?"

Wanawake wawili watatu wakainuka pia. Mmoja aliokota jiwe, ndiyo, jiwe, na mwanamke huyo anapokea komunio kila Jumapili. Denise alimtazama Vahwere tu, mzigo bado kichwani, machozi yanamtiririka. Najua alichokuwa anaomba. Mumewe amekufa zamani, hana mtoto, na wakati kama ule mtu aliyefukuzwa na avenyu yake anakwenda kufia bariyeri ya kwanza. Neno moja la Vahwere lingemponya au lingemmaliza.

Vahwere akamgeukia binti yangu Lydie, aliyekuwa ndiyo kwanza anaingia na kikapu.

Lazima nieleze kikapu. Kwa watu wa Gauthier, waliobeba maiti hawali mpaka wanawe mikono kwa maji ya yale maganda. Lakini mti wa nyumba yenye msiba haukatwi mpaka matanga yaishe, na mjane hashiki kisu. Kwa hiyo asubuhi Vahwere alikuwa amemtuma Lydie bondeni, kwenye mti mwingine wa namna ile. Lydie, mtoto wangu, Mungu amsaidie, amerudi na maganda yenye miiba.

"Mama, si nyekundu ni nyekundu?" akasema.

"Hapana," Vahwere akasema, taratibu sana. Halafu akamwita yule aliyesimama. "Fiacre, mwanangu. Wabebaji wako na njaa. Mimi nguvu hapana tena. Weye njo ninafundisha, weye peke yako. Eleza huyu mutoto sura ya muti, asikosee tena."

Fiacre alikuwa bado anahema kwa hasira. "Mama, sharti iko..."

"Leo ninafungua sharti. Sema kwa nguvu, wote wasikie."

Mpaka leo sijui kama alipanga. Lakini Fiacre, ambaye siku ile ya wale watu hakuwapo, hakujua yule kijana wa kofia alisimama njiani akakariri kwa sauti kubwa, na avenyu nzima nyuma ya milango. Akafuta pua. Alipenda kusifiwa, tangu utoto. Akamwelekea Lydie, akainua kidole kama mwalimu.

"Maua iko muongo," akasema. "Anza na jani. Jani ikiwa kama manyoya ya kuku, acha. Muti ikiwa na miba, acha. Jani pana, zinaangaliana mbili mbili, karibia. Tunda hainingini, inasimama juu kama kidole inaonyesha..."

Akasita. Si kwamba alisahau. Alisikia kimya. Hata watoto waliacha kulia. Yule mama wa jiwe alikuwa amefunika mdomo kwa mkono uleule wenye jiwe.

"Inaonyesha mbingu," Denise akamalizia kutoka mlangoni. "Mi niko nyuma ya dirisha, nasikia yote. Njo maneno ileile."

"Maneno gani?" Fiacre akauliza. Alitutazama mmoja mmoja. "Maneno gani, mama?"

Vahwere alisimama. Alikuwa mfupi, ilibidi ainue uso ili amtazame machoni.

"Mara ya kwanza walikwenda kwa Denise," akasema. "Kwa sababu uliwaambia flamboyant, kama watu wa njiani wanasema. Pengine walikuwekea bunduki mu kichwa. Ile ningekusamehe, Fiacre. Mutu anaogopa, mi najua. Lakini walikosea nyumba. Mungu alikupa siku mbili. Ulikuja hapa, ukakaa mu jiko yangu, yaya wako akakupa samaki wakubwa, ukasema ni bahati. Halafu ukarudi kuwafundisha muzuri."

"Mama, wangeniua..."

"Wapi! Ungebaki hapa. Ungesema neno moja tu, yaya kimbia. Tungekimbia wote." Sauti yake ikapasuka, na ndipo alipolia, mara ya kwanza tangu wamchukue mumewe. "Gauthier wameua wale, mi nitamulilia na itaisha. Weye unaniuma kupita kifo. Madirisha ya ule muti, nilikuonyesha nikiwa nimeshika mukono yako. Mukono hii!"

Wanaume waliinuka. Fiacre alirudi nyuma mpaka mgongo ukagusa mti, na nadhani pale pangemwagika damu. Vahwere alijiweka katikati.

"Hapana mutu atamugusa," akasema. "Mama yake alinipa yeye mu mikono. Sitamurudishia maiti. Fiacre, ondoka. Mi siko mama yako tena, hata shemeji yako hapana."

Aliondoka akipita ubavuni mwa Denise, ambaye alisogea kumpisha, na mzigo wa kuni bado kichwani. Hapo tu ndipo tulipokumbuka kumtua. Nilimtua mimi. Nilisema, "Utusamehe, Denise," na sikuweza kumtazama usoni. Yeye akasema tu, "Kuni imelowa kidogo, mutumie chini." Lydie alirudi bondeni, na safari hii alileta maganda sawasawa. Mafundisho yalikuwa mazuri.

Wiki haikuisha, tukajua Fiacre alilipwa nini. Asubuhi, upepo ukitoka mjini, tulisikia kutoka nyumba ya fonie sauti nyembamba tuliyoilea wote hapa avenyu: "Ariwara, Ariwara, unanipata? Mahagi, Mahagi, unanipata?" Alikaa kwenye kiti cha kaka yake, akaita kama kaka yake alivyoita. Mama Vahwere alikuwa anafua. Aliacha nguo kwenye maji, akaingia ndani akafunga dirisha, na kwa miezi yote ile aliishi na dirisha limefungwa, jua na joto na yote. Wazee wanasema kikulacho ki nguoni mwako. Kikulacho kikivaa mpaka sauti ya marehemu wako, wazee hawakusema ufanye nini.

Wakubwa wale nao walifukuzwa, wakaja wengine, na Fiacre akapotea nao. Wengine wanasema yuko Uganda, wengine wanasema alikufa. Sijatafuta kujua. Wakati wa mapigano makubwa sisi pia tulikimbia, na tuliporudi, nyumba nyingi za Ngezi zilikuwa hazina mabati, flamboyant ya Denise ilikuwa imekatwa kuni, na mti wa Vahwere umebaki. Ule hauwaki vizuri, kwa hiyo hakuna aliyeutaka. Watu walimshauri aukate mwenyewe, eti ndio uliomtoa mumewe. Alikasirika kweli.

"Muti haikusema," akajibu.

Denise alihamia kwa Vahwere, maana kwake mwenyewe hapakuwa na paa. Wanaishi pamoja mpaka leo, wanagombana kuhusu chumvi. Watu bado wanakuja na mabeseni, na Vahwere bado anakata, asubuhi, upande wa jua, dirisha moja dogo, anapaka majivu. Lakini mikono inamtetemeka sasa. Denise anamshikia beseni, na kisu kikianza kukwaruza anageuza uso wake kwenye ukuta bila kuambiwa, na anakaa hivyo mpaka aitwe.

Mwaka jana mjukuu wangu, mtoto wa Lydie, alijaa vidonda kichwani. Vahwere alimwosha kwa siku kadhaa, vikakauka. Nilipokwenda kushukuru nilimkuta amekaa mlangoni mwa jiko, amechoka, kisu kiko mapajani. Mti ulikuwa umewaka wote, vikombe vyekundu vyenye ukingo wa manjano mpaka kileleni, na watoto wa avenyu walikuwa wanafinya maua yasiyofunguka wakirushiana maji. Nikaona neno nililokuja nalo nisilirudishe nyumbani.

"Mama Vahwere," nikasema, "siye wote tunazeeka. Hii kazi isikufe na weye. Nifundishe mimi, ao fundisha Lydie. Tutafunga mudomo, naapa."

Nilitegemea anicheke, aniambie habari za kuku. Hakucheka. Alikifuta kisu kwenye kitenge chake, pande zote mbili, polepole.

"Monique," akasema, "sharti ni mutu mumoja. Nilishafundisha."

Nikachukua beseni langu, nikarudi nyumbani.